Pauni milioni 50 na matawi 11,500: nani hasa anaibeba Posta ya Uingereza

Kwenye mji mdogo ninaoishi hapa Uingereza kuna duka moja ambalo mbele linauza maziwa, magazeti, bia na kadi za bethdei, afu ukipita mpaka nyuma kabisa unakuta kaunta ya posta, kioo kinene, mzani, na ile alama nyekundu ya mviringo ya Post Office. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili bado anacho, kile cha sokoni, na akiniona tu na boksi mkononi anaanza, "Karibu dada, leo Tanga tena?" Kadi yangu ya ukaazi niliichukulia hapo hapo, miaka ile kadi zilipokuwa zinatolewa kwenye matawi ya posta, na wengi wetu tuliokuja huku tumepita kaunta kama hiyo, unatoa pasipoti na barua, wanakupa kadi, unasaini unaondoka.

Ijumaa moja foleni ilikuwa ndefu nikawa sina la kufanya zaidi ya kuangalia. Mbele yangu kulikuwa na jamaa wa duka la chipsi, kaleta mauzo ya wiki, noti kwenye bahasha na sarafu kwenye vifuko vya plastiki, mzee anazipima sarafu mzanini kifuko kimoja kimoja, noti anazipitisha kwenye mashine mara mbili, anabonyeza, risiti inatoka, hela imeingia benki ya yule jamaa. Akafuata mama mtu mzima anatoa pensheni yake, anaitaka kwa noti za kumi kumi, mzee anamhesabia mezani polepole na kumuuliza mguu unaendeleaje. Akaja kijana anarudisha viatu alivyonunua mtandaoni, stika ilishalipiwa na kampuni, mzee anaskani, bip, kijana kaondoka. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza hii ya viatu unapata shilingi ngapi, akacheka akasema ni peni tu, na boksi lenyewe linamkalia dukani mpaka gari la jioni lije. Afu akanyamaza kidogo akaniambia kaunta hii peke yake hailipi hata mshahara wa yule binti anayemsaidia, kinachowalipa wote wawili ni maziwa na bia.

Maneno hayo yalinifanya nianze kufuatilia hii habari ya ruzuku ya posta, maana kila mara ukisikia mawaziri wa hapa wanaongea wanasema serikali inatoa mamilioni kulinda mtandao wa posta. Na kweli inatoa. Sasa inakuwaje mtu anayekaa kwenye hiyo kaunta hapati kitu?

Tuanze na namba. Post Office Limited, kampuni ya kaunta, ni mali ya serikali asilimia 100. Usiichanganye na Royal Mail, wale wanaosambaza barua na vifurushi nyumba kwa nyumba, hao walitenganishwa rasmi Aprili 2012, Oktoba 2013 wakauzwa kwenye soko la hisa, na leo wako mikononi mwa tajiri mmoja wa Czech. Kaunta zilibaki kwa serikali kwa sababu hakuna mwekezaji angezitaka, kijiji chenye wazee 200 na ng'ombe hakimpi mtu faida. Kwa hiyo serikali ikaendelea kulipa ruzuku kila mwaka ili matawi yasiyojiweza yabaki wazi. Mwaka 2012/13 ruzuku hiyo ilikuwa pauni milioni 210. Mwaka uliofuata 200, kisha 160, kisha 130, afu 2016/17 ikashuka kwa kishindo mpaka 80, ikaenda 70, ikaenda 60, na 2019/20 ikawa milioni 50. Ndani ya miaka saba ruzuku imebaki chini ya robo.

Na matawi je? Mwanzo yalikuwa kama 11,500 na ushee, mwisho yakawa 11,500 na ushee. Hayakupungua sana. Tena 2016/17 kampuni ikatangaza faida ya biashara ya pauni milioni 13, ya kwanza ndani ya miaka 16, na wanasiasa wakasimama bungeni wakasema mnaona, mtandao wa posta sasa unajiendesha, mzigo kwa mlipakodi umepungua. Ukiziangalia hizo namba peke yake utapiga makofi na mimi sikulaumu.

Ila gharama ya kufungua mlango wa tawi asubuhi mpaka jioni haiwezi kupotea hewani. Umeme upo pale pale, mshahara upo pale pale, kodi ya pango ndo inapanda. Kama serikali imeacha kuilipa basi kuna mtu mwingine anailipa, na mtu huyo ndo mzee wangu wa nyuma ya kioo. Kisa chote kinazunguka hapo: serikali ilinunua idadi ya milango na umbali wa kutembea, riziki ya mtu anayeushika huo mlango haikuwekwa kwenye sharti lolote.

Ili uelewe ilifikaje hapo inabidi urudi nyuma kidogo. Watu wengi hata hapa Uingereza hawajui kwamba karibu posta zote siyo za posta. Matawi yanayoendeshwa na kampuni yenyewe yalikuwa 373 mwaka 2012, na kufikia 2024 yamebaki 115 tu. Mengine yote, yaani karibu asilimia 99, ni ya watu binafsi na maduka, wanawaita subpostmasters, sisi tuseme mapostamasta. Postamasta siyo mwajiriwa. Jengo lake, hela yake ya kununulia biashara, wasaidizi anawalipa yeye, posta inampa mitambo, chapa na malipo kwa kazi anayofanya. Wahindi wengi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 60 na waliofukuzwa Uganda na Amin 1972 waliingia kwenye hii kazi, ilikuwa biashara ya heshima, familia nzima inakaa juu ya duka na kufanya kazi chini. Zamani ilikuwa inalipa. Na ilikuwa inalipa kwa sababu mteja mkubwa wa kaunta ile alikuwa serikali mwenyewe.

Hapo ndo penye uhondo wa kisa. Mzee wa Kiingereza alikuwa na kitabu cha kuponi za pensheni, kila wiki anakuja nacho posta, kaunta wanachana kuponi, wanagonga mhuri, wanampa hela taslimu. Mama mwenye watoto alikuwa na chake cha posho ya watoto. Kila mhuri postamasta analipwa, na kila aliyekuja kuchukua hela anatoka na mkate, sigara na gazeti. Kwa hiyo pensheni ndo ilikuwa inavuta wateja na wateja ndo walikuwa wanalipa duka. Serikali haikuhitaji kutoa ruzuku kubwa maana kazi yake ilikuwa inalipa yenyewe.

Mwaka 1996 wakasaini mradi wa kubadilisha hivyo vitabu viwe kadi, kadi ya kuchukulia malipo posta, na kampuni ya kompyuta ya ICL ikapewa kazi ya kutengeneza mfumo. Mei 1999 serikali ikaifuta kadi, ikaona ni nafuu hela iende moja kwa moja kwenye akaunti za benki, na kuanzia 2003 watu wakaanza kuhamishwa kwa nguvu. Mfumo uliobaki baada ya kadi kufutwa, wa kuendesha hesabu za kaunta, uliitwa Horizon, na huo nitaurudia maana uliua watu.

Kwa hiyo serikali ilitoa kazi kwenye kaunta kwa mkono mmoja, na mwaka huo huo wa 2003 ikaanza kutoa ruzuku ya pauni milioni 150 kwa mwaka kwa ajili ya matawi ya vijijini kwa mkono wa pili. Kazi nyingine nazo zikafuata. Leseni za TV zikahamishiwa mtandao mwingine wa malipo mwaka 2006. Ile stika ya kodi ya gari iliyokuwa inabandikwa kwenye kioo ikafutwa Oktoba 2014, watu wakalipa mtandaoni. Hata benki yao, Girobank, iliyoanzishwa 1968 ndani ya posta, ilikuwa imeshauzwa tangu 1990. Kila uamuzi ukiuangalia peke yake una mantiki, mimi mwenyewe nalipa kodi ya gari kwenye simu nikiwa kitandani, ila hakuna aliyekaa akajumlisha yote na kuuliza hii kaunta sasa itakula nini.

(Na sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tunalijua hili kwa upande wa simu. Waingereza walitenga simu na posta 1981, Tanzania ikavunja Posta na Simu 1994, Kenya 1999, na kote kilichobaki na posta ni upande usio na hela. Yaani hata njia ya kuidhoofisha tuliirithi.)

Baada ya hapo yakaja makato ya matawi. Kati ya 2003 na 2005 wakafunga kama 2,500 ya mijini. Haikutosha, kufikia mwisho wa 2006 kampuni ilikuwa inapoteza karibu pauni milioni 4 kila wiki, serikali ikaja na kifurushi cha mpaka pauni bilioni 1.7 mpaka 2011 na sharti la kufunga mengine mpaka 2,500. Wakafunga. Mwaka 2000 kulikuwa na zaidi ya matawi 18,000 nchi nzima, na kufika 2009 yamebaki kama 12,000. Watu waliandamana, vijiji vilibeba mabango, wabunge waliopiga kura serikali ifunge matawi walirudi majimboni kwao kusaini barua za kupinga tawi lao lisifungwe.

Kwenye zoezi hilo la 2007 ndo yakazaliwa masharti ya umbali yanayotumika mpaka leo. Asilimia 99 ya wananchi wawe ndani ya maili tatu, kama kilomita tano, kutoka tawi lolote la posta. Asilimia 90 wawe ndani ya maili moja. Kuna viwango vyake vya maeneo maskini ya mijini na vya vijiji vya mbali. Juu yake serikali ikaweka idadi ya chini, matawi 11,500. Hayo ndo masharti ya kupewa ruzuku, na kwa haki kabisa niseme ni masharti mazuri, bila hayo mtandao ungeshakatwa nusu. Nchi nyingi hazina hata hicho. Lawama yangu ni moja tu, kipimo kinaangalia kama tawi lipo, hakiangalii lipo saa ngapi, linafanya huduma gani, na anayelifungua anakula nini.

Ndo maana gari la posta linalosimama kwenye maegesho ya kanisa masaa machache kwa wiki linahesabiwa kama tawi. Meza inayowekwa kwenye ukumbi wa kijiji Jumanne asubuhi inahesabiwa kama tawi. Siyapuuzi hayo, kwa bibi asiye na gari hilo gari la Jumanne ni kila kitu, ila ukisema una matawi 11,500 na ndani yake kuna mengi ya namna hiyo basi namba haisemi tena ulichotaka iseme.

Sasa turudi kwenye ile ruzuku iliyoshuka toka 210 mpaka 50 bila matawi kupungua sana. Walifanyaje? Kati ya 2010 na 2018 serikali iliweka karibu pauni bilioni 2, sehemu ruzuku na sehemu uwekezaji, na mradi mkubwa ulikuwa wa kubadilisha matawi, zaidi ya 7,000 yakakarabatiwa. Rangi mpya, taa, kaunta mpya, masaa marefu zaidi ya kufungua. Kwa mteja ilikuwa nzuri na watu walifurahi, mimi pia, unaenda kutuma kifurushi Jumapili saa kumi.

Kilichokuwa chini ya rangi ni mkataba mpya. Zamani postamasta wa tawi dogo alikuwa anapata malipo ya kudumu kila mwezi, kima fulani kwa kuwepo tu, afu juu yake kamisheni ya kila muamala. Hicho kima cha kudumu ndo kilikuwa kinalipa siku ya mvua asipokuja mtu. Mkataba mpya wa matawi madogo, wanaouita Local, ukakiondoa. Unalipwa kwa muamala, basi. Kaunta ikahamishwa kutoka nyuma ya kioo ikawekwa pembeni ya till ya duka, anayeuza pipi ndo anayeuza stempu, na inabidi iwe wazi masaa yote duka likiwa wazi. Asiyetaka alipewa mafao ya miezi 26 akaondoka, akatafutwa mwenye duka mwingine jirani. Mwanzo ilikuwa hiari, ila baadaye hiari yenyewe ikaisha.

Kwa mtu wa nyumbani nitaieleza hivi. Chukua wakala wa M-Pesa. Anajua kamisheni ni nini, anajua siku ambayo floti imeisha na siku ambayo hakuna mteja. Sasa mwambie huyo wakala kwamba hana ruhusa kufunga kibanda kati ya saa moja asubuhi na saa nne usiku, lazima akae na hela taslimu nyingi za kampuni, lazima atoe fomu za pasipoti, apime vifurushi, apokee mauzo ya maduka jirani, awasaidie wazee wasiojua kubonyeza, na kila akipungukiwa hesabu alipe mfukoni mwake, na kwa yote hayo atalipwa peni kwa muamala bila kima cha mwezi. Wakala wetu ana uhuru mmoja mkubwa, akiona hailipi anageuza kibanda kinakuwa cha chipsi mayai. Postamasta amewekeza nyumba yake na mkopo wa benki, kugeuza siyo rahisi hivyo.

Hapo ndo ruzuku iliposhukia. Milioni 160 zilizopungua hazikutoka kwenye makao makuu pale London peke yake, sehemu yake ilitoka kwenye vile vima vya kudumu vilivyofutwa kwenye maelfu ya maduka, kidogo kidogo kwa kila mmoja, ndo maana haikupiga kelele. Mwaka 2019 chama chao cha mapostamasta kiliwauliza wanachama na kama robo tatu walisema wakigawanya kipato cha posta kwa masaa wanayofanya kazi wanapata chini ya kima cha chini cha mshahara cha nchi. Tena wasaidizi wao kisheria lazima walipwe kima hicho, maana hao ni waajiriwa. Mwenye duka ndo anabaki wa mwisho kwenye foleni ya kulipwa, baada ya binti wa kaunta.

Kuna watu wataniambia sasa mbona wanaendelea? Wanaendelea kwa sababu posta inavuta miguu dukani, yule mama wa pensheni ananunua mkate. Wanaendelea kwa sababu ukitangaza duka linauzwa na kaunta yake hailipi hakuna mnunuzi. Na wengine, huyu wa kwangu akiwemo, wanaendelea kwa sababu wanajua wakifunga nani ataathirika, anawajua kwa majina. Ruzuku ya kweli ya mtandao huu kwa miaka kumi iliyopita imekuwa ni huo moyo wa watu, na hakuna waziri aliyeiandika kwenye bajeti.

Nilisema nitarudi kwa Horizon. Nitasema kwa kifupi maana dunia nzima imeshaisikia, ila nadhani inasimuliwa kama kisa cha kompyuta mbovu wakati ina mzizi mmoja na hii ya ruzuku. Ule mfumo ulianza kufungwa madukani 1999, ulikuwa na makosa, ukifunga hesabu Jumatano jioni skrini inakwambia una shoti, yaani upungufu, wa pauni elfu kadhaa ambazo hujazigusa. Na mkataba ulikuwa unafasiriwa hivi: shoti ni yako, lipa. Watu walikopa kwa ndugu, walitoa akiba za watoto, waliuza nyumba. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengi wakishtakiwa na Posta yenyewe. Wengine walifungwa jela, na ripoti ya uchunguzi ya jaji mstaafu Sir Wyn Williams ya Julai 2025 ilisema inawezekana watu 13 walijiua kwa sababu ya hili. Alan Bates, aliyekuwa na tawi Craig-y-Don huko Wales na akanyang'anywa mkataba 2003 kwa kukataa kulipa shoti asiyoijua, ndo aliyewakusanya wenzake wakafika 555 pamoja naye wakaenda mahakamani. Desemba 2019 wakakubaliana pauni milioni 57.75, na gharama za kesi zikala sehemu kubwa mno, wakabaki na kama milioni 12 kugawana. Mpaka Mei 2024 ndo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

Nasema mzizi mmoja kwa sababu kwenye mambo yote mawili kampuni ilikuwa na shinikizo la kila mwaka la kuonyesha serikali kwamba inaelekea kujitegemea, hasara ipungue, ruzuku ipungue, na mtu rahisi kuliko wote wa kubebeshwa hasara alikuwa yule wa mwisho kwenye mkataba. Kwa mfumo wa kompyuta alibebeshwa kwa mabavu na mahakama, kwa malipo ya muamala alibebeshwa taratibu na kwa sahihi yake mwenyewe. Na sasa angalia hesabu: fidia zilizolipwa kwa waathirika zilishapita pauni bilioni 1 katikati ya 2025. Kwa ile ruzuku ya milioni 50 kwa mwaka hiyo ni ruzuku ya miaka 20. Wangewasikiliza mapema, hizo hela zingelipa kima cha kudumu kwa kila kijiji.

Na kaunta imekuwa na kazi mpya, tena kubwa, haswa miaka ambayo kila mtu anasema posta imepitwa na wakati. Benki za hapa zimefunga zaidi ya matawi 6,000 toka 2015. Miji mizima haina benki hata moja. Kuanzia 2017 kuna makubaliano kati ya Posta na benki karibu zote kubwa, mteja wa benki hizo anaweka na kutoa hela posta, na hela taslimu zinazopita kaunta hizo ni zaidi ya pauni bilioni 3 kwa mwezi. Yule jamaa wa chipsi na vifuko vyake vya sarafu, benki yake ilifunga tawi, ikaokoa kodi ya pango na mishahara, na kazi ya kuhesabu sarafu ikahamia kwa mzee wa Kisumu. Mwanzoni malipo ya kuhesabu hizo hela yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine walikuwa wanapata hasara kwa kila deposit ukihesabu muda na hatari ya kukaa na hela nyingi dukani. Mwaka 2019 baada ya kelele za mapostamasta na Kamati ya Bunge ya biashara wakaongezewa, kwa deposit karibu mara tatu, na huo ni ushahidi kwamba hela zilikuwepo, zilikuwa zimelala kwenye mabenki.

Novemba 2024 mwenyekiti mpya Nigel Railton alitoa mpango wake, nao nauona una mambo mawili ndani yake yanayovutana. La kwanza ni zuri, mkubwa wa Posta alisimama na kusema lengo ni kuongeza mapato ya mapostamasta, mpaka pauni milioni 250 zaidi kwa mwaka ifikapo 2030. La pili, hayo matawi 115 ya kampuni yatolewe kwa watu binafsi nayo, na ajira kama 1,000 zilikuwa hatarini. Na ongezeko lenyewe linategemea serikali kukubali kulitia hela. Serikali nayo Julai 2025 ikatoa waraka wa kuomba maoni ya wananchi kuhusu mustakabali wa Posta, ikisema inataka kubakiza matawi 11,500. Ile namba bado ipo palepale kama nguzo.

Mimi ningependa ile namba isiwe peke yake. Kama serikali inaweza kuandika kwenye sharti la ruzuku kwamba asilimia 99 wawe ndani ya maili tatu, haiwezi kushindwa kuandika pia kwamba hakuna postamasta wa tawi la kijijini atakayelipwa chini ya kima cha chini kwa masaa ambayo mkataba unamlazimisha kufungua. Ihakikishe kima cha kudumu cha kutosha kwa yale matawi takriban 3,000 ambayo ndo duka la mwisho kijijini, hapo hakuna wateja wa kutosha na hawatakuja, kamisheni peke yake haiwezi kumlipa mtu hata akavuta pumzi. Masaa ya gari la Jumanne yahesabiwe kama masaa, yasihesabiwe kama tawi zima. Na benki zilizokimbia mitaa zilipe zaidi kwa kila deposit, kisheria, isiwe ni mazungumzo ya kubembelezana kila baada ya miaka kadhaa. Ruzuku itapanda? Itapanda, sifichi, na mimi ni mlipakodi wa hapa nasema nichangie.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba hii ni hisia, kwamba kila kitu kiko kwenye simu na wazee watajifunza. Nilikuwa pale dukani yule mama alipohesabiwa noti za kumi kumi. Alizigawa mwenyewe mezani, hii ya gesi, hii ya chakula, hii ya mjukuu, akaziweka kwenye bahasha tatu alizokuja nazo kwenye mkoba. Hivyo ndivyo anavyoendesha nyumba yake na pensheni inamtosha kwa sababu anaiona.

Wiki iliyopita nilipeleka boksi lingine. Mzee aliniambia ameshawaandikia Posta kwamba anaacha, ana miaka 71, watoto wake mmoja daktari mwingine yuko Canada, hakuna anayeitaka kaunta, na duka kalitangaza miezi minane sasa hajapata mtu wa kulichukua pamoja na posta, wanaolitaka wanalitaka tupu. Nikamuuliza sasa akiondoka itakuwaje, akasema wataandika "limefungwa kwa muda". Ndo jina lake kwenye orodha zao postamasta akiacha na mwingine asipatikane, na yapo matawi yaliyokaa na jina hilo zaidi ya mwaka. Akaliweka boksi langu mzanini, kilo nne na gramu mia mbili, akauliza, "Tanga tena?"